Kaya Mbili Kwenye Jiko Moja

Jumatatu, 9 Oktoba 1995

“Mtanzania anayepanga foleni ya msaada wa serikali ya watu anatuvua nguo sote tulioko huku.” Bwana Mlelwa, mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania, ukurasa wa mbele wa jarida la umoja. Nimeisoma asubuhi nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, nikimsubiri wifi Tunu aje aninyanyue.

Upuuzi. Serikali hiyo “ya watu” inamkata Tunu kodi kila mshahara kabla hajauona. Yeye si watu? Na huyu Mlelwa mwenyewe ana ofisi yenye zulia huko Plymouth, nje kidogo ya mji, na siku akishikwa na mafua mwajiri humlipa alale. Hicho nacho ni kulipwa bila kufanya kazi. Ila kwake kinaitwa marupurupu, na havuliwi nguo na mtu.

Nitamjibu toleo lijalo. Aya nne ziko tayari kichwani.

Tunu akaja. Mikono kwapani mwangu, goti lake katikati ya magoti yangu, moja, mbili, nikawa kwenye kiti cha magurudumu. Kila asubuhi ndivyo hivyo tangu ugonjwa wa mishipa uliponinyang’anya miguu. Marehemu kaka Evarist alituleta wote wawili hapa Saint Paul, Marekani, yeye kama mke, mimi kama dada aliyekuja chuo kikuu kusoma. Kaka akafa. Tukabaki mjane na kilema. Tunu huwanyanyua wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee huko Anoka usiku kucha, halafu anarudi kuninyanyua mimi.

“Wifi, umezidi uzito,” akasema. “Makala hizo unazimeza bila kutafuna.”

Kisha akaketi ghafla kitandani pangu, mkono tumboni. Jasho. Alipoinuka niliona damu nyuma ya sare yake ya kazi. Akasema si kitu. Nikamwambia mtu anayetokwa jasho Oktoba hii ya baridi ya Minnesota asiniambie si kitu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Uvimbe kwenye kizazi. Mkubwa. Upasuaji Jumatatu.

Alijua tangu mwanzo wa kiangazi. Alinyamaza kwa sababu ya swali moja: nani ataninyanyua mimi? Mwezi mzima wa Septemba amepiga shifti mbili mbili, akijiwekea akiba ya kulala. Nilidhani anapenda kazi. Nilimtania kwamba ubepari umemwingia kwenye damu.

Daktari amemwambia asinyanyue chochote kizito kuliko galoni ya maziwa kwa wiki sita. Tunu akacheka. “Haya, wifi, jihesabu. Wewe ni galoni ngapi?”

Wakala anayempeleka Anoka hamlipi asiyefika kazini. Bila mshahara wake kodi ya nyumba haitoki. Bila mikono yake mimi sitoki kitandani. Kwa hiyo nitaomba kaunti, serikali ya hapa mjini: chakula, fedha kidogo, na mtu wa kuninyanyua mpaka apone. Naandika hapa ili nikianza kubishana nikumbuke ninachokitafuta. Tunu alale wiki sita. Basi. Hakuna kingine.

Nimepiga simu. Sauti ikawa ndogo. Mimi niliyewaandikia mawaziri magazetini majina yao kamili na makosa yao kamili. Nimeona aibu. Halafu nikakasirika kwa kuona aibu. Mlelwa amefika mpaka humu kifuani na kujitandikia kitanda.

Jumatatu, 16 Oktoba

Wamempeleka alfajiri. Nimekaa dirishani. Mama Neema, mke wa Mlelwa, amekuja kulala kwangu. Mwanamke mwema. Anaomba kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng’ambo ya barabara.

Mimi siombi. Leo nimeitikia amina.

Jumatano, 18 Oktoba

Wametoa kizazi chote. Damu haikukatika, hawakuwa na jinsi.

Aliniambia mwenyewe kwa simu. Kwanza aliniuliza kama nimekula.

Mimba tatu alibeba na kaka yangu, hakuna iliyofika. Kaka alipokufa watu walisema afadhali hawakuacha yatima. Nilidhani ameshakata tamaa siku nyingi. Sivyo. Alikuwa ameacha tu kuyasema. Ana miaka arobaini na moja, mjane, hana mchumba, na bado mahali fulani alikuwa ameacha mlango wazi. Sasa umefungwa na watu waliovaa glavu.

Nimelia. Mama Neema alidhani miguu inauma, akanipa panadol aliyotoka nayo Dar.

Ijumaa, 20 Oktoba

Ofisa wa kaunti amekuja nyumbani, kwa kuwa mimi siwezi kwenda kwao. Bi Lorraine. Wa makamo, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda kwa hilo. Mama Neema alikuwa ameleta pilau na kachumbari, nikamkaribisha mgeni mezani. Akasema hairuhusiwi, asante. Alitazama lile sinia kwa huzuni.

Akauliza nani anaishi hapa, nani analipa nini, undugu wetu ni upi. Nikajibu. Halafu akauliza: mnanunua na kupika chakula pamoja?

Niliona ni tusi. Nikamjibu kwa kifua mbele. Chungu ni kimoja. Anayelala hapa anakula hapa, na asiyelala akipita saa ya chakula anakula vilevile. Akaandika. Kisha akainua macho, kalamu ikiwa hewani, akarudia polepole kama mtu anayekupa nafasi.

“Siku zote?”

“Siku zote. Sisi si watu wa kufungiana makabati.”

Akaandika na hilo pia.

Alipoondoka nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nilikuwa nimemweleza Mzungu utu ni nini.

Jumanne, 24 Oktoba

Tunu karudi. Anatembea ameinama, mto ameukumbatia tumboni ili akikohoa asipasuke. Amepungua sura nzima.

Hajui kulala. Akina mama wa umoja wanakuja kwa zamu kuninyanyua na yeye anawasimamia kutoka kwenye kochi. “Mshike kama gunia la mkaa, Mama Neema, siyo kama yai! Huyo havunjiki. Angevunjika angeshavunjika kwa maneno yake.” Wanacheka. Nacheka.

Nimemkuta anaosha vikombe. Nikamfokea. Akasema kikombe si galoni.

Ijumaa, 27 Oktoba

Barua. Wamekataa. Vyote.

Sababu: tunakula pamoja. Kwa hiyo sisi ni kaya moja. Kwa hiyo mishahara ya Tunu ya miezi iliyopita ni yangu pia, na kwa zile shifti mbili mbili za Septemba sisi ni watu tunaojiweza.

Nimeisoma mara nyingi. Alifanya kazi kupita kiasi ili apate kupumzika, na kazi hiyo ndiyo imemnyima mapumziko. Nimesoma vitabu vingi juu ya dola na maskini. Hakuna mwandishi aliyethubutu kubuni mfano wa wazi namna hii. Angeambiwa ametia chumvi.

Nikampigia Bi Lorraine. Akanieleza kwa subira. Watu wasio mke na mume, wala mzazi na mtoto, kila mmoja akinunua na kupika chake, wanahesabiwa kaya mbili hata wakiwa nyumba moja. Hapo ombi langu lingetazamwa peke yake, nami sina kipato. “Lakini ulisema mnakula pamoja. Nilikuuliza mara mbili.”

Nilimpa mhadhara. Nikamwambia serikali yao inawalipa watu ili wanyimane chakula. Nikamwambia wamechukua kitu bora kabisa tulichokuja nacho kutoka kwetu wakakigeuza kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mhadhara haukuwa mfupi.

“Sikutunga mimi hilo swali, mama,” akasema.

Nilikuwa na haki kwa kila neno. Nakata simu, naye Tunu amesimama jikoni anapika ugali, mkono mmoja kwenye mwiko, mmoja tumboni.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo nyumbani wanapiga kura, vyama vingi. Watanzania wote wa mji huu wako kwenye simu. Mlelwa na mkewe wamekuja baada ya kanisa. Alizungumza uchaguzi robo saa, kisha akafika alipokuwa anaelekea.

“Dada Adela, nimesikia ulimwingiza mtu wa kaunti humu ndani. Akakagua mpaka jikoni. Umoja upo, dada. Kwa nini tudharaulike?”

“Umoja utakuja kuninyanyua keshokutwa asubuhi?”

“Tumepanga zamu.”

“Zamu ya Jumanne ni ya nani?”

Akamtazama mkewe. Mama Neema akatazama zulia. “Jumanne naingia kazini saa kumi na mbili, dada. Mama Upendo alisema atajaribu.”

“Umesikia, mwenyekiti? Utu wetu wa Jumanne utajaribu.”

Mlelwa akasimama, akavaa kofia. Akasema mimi ningekuwa mwanamume angenijibu. Nikamwambia asijizuie, miguu yangu haiwezi kumfukuza. Tunu akafunika uso kwa mto. Sijui alikuwa anacheka au anaumia. Kwa sasa vyote viwili vinamuuma.

Walipoondoka akaniambia taratibu: “Wifi, mwandikie yule mama kwamba tunakula mbalimbali.”

Nikakataa. Kwetu watu wa nyumba moja wakianza kupikiana mbali, wazee wanaitwa. Ni tangazo la ugomvi. Majirani wanaulizana kulikoni. Mke wa kaka yangu! Niandike kwa mkono wangu kwamba sili naye?

“Wazee watatoka wapi, wifi? Watakuja na basi la Mtaa wa University?”

Nikasema sitaandika. Nikaeleza sababu. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza alikuwa amegeukia ukutani.

Jumanne, 31 Oktoba

Mama Upendo hakuja. Gari liligoma kuwaka, tumejua baadaye.

Nilisubiri. Kibofu hakisubiri. Kitanda kikalowa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sikumwita Tunu. Wala sikumkataza. Nilimsikia anauweka mto wake juu ya meza. Nilijua maana yake. Nilikuwa na muda wa kusema usije. Akaja, akatandika taulo, mikono kwapani, goti kati ya magoti. Moja, mbili. Nikawa kwenye kiti.

Akatoa sauti. Haikuwa kubwa. Kama mtu aliyeitwa kwa mbali akaitika.

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaniambia nipige simu. Mimi nikiwa juu ya kiti, safi, yeye chini. Wale wa gari la wagonjwa walipoingia walinikimbilia mimi kwanza.

Jioni watoto wa jengo walipita na vinyago vyao wakigonga milango kuomba peremende, kama ilivyo desturi ya hapa usiku huu. Walinigongea. Sikufungua.

Jumatano, 1 Novemba

Nyuzi za ndani zilikatika. Wamempasua tena.

Nimeshinda hoja na Bi Lorraine. Nimeshinda hoja na Mlelwa. Nimeshinda hoja na Tunu. Hakuna aliyeweza kunijibu. Tunu yuko hospitali.

Ijumaa, 3 Novemba

Homa yake imeshuka.

Nimempigia Bi Lorraine, nikasema naomba upya. Nikasema pia kwamba sitasaini uongo. Nikisaini tunakula mbalimbali, tutakula mbalimbali. Nataka kujua kula mbalimbali kukoje. Akanieleza: vyakula vyenu mnunue kila mtu chake, rafu yako kwenye friji, rafu yake, chungu chako, chungu chake.

“Na chumvi?”

“Sidhani kama kuna atakayekuja kutazama chumvi.”

Nilimwagiza Mama Neema aninunulie sufuria ya pili. Alilia kama mtu niliyemtuma sanda. “Dada Adela, mke wa Evarist amekukosea nini?” Nikamweleza. Hakuelewa. Nikamweleza tena. Akasema ameelewa, akaendelea kulia.

Nimesaini. Herufi zilitoka mbaya.

Alhamisi, 9 Novemba

Tunu karudi jana. Nilimweleza mwenyewe. Rafu ya juu yangu, ya chini yake. Sufuria nyekundu yake. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

“Kwa hiyo mimi ni kaya namba mbili.”

“Kwa karatasi.”

“Hodi hapo, jirani. Naomba chumvi.”

“Jirani hana chumvi. Kaombe kaunti.”

Tulicheka mpaka akaniomba kwa ishara ya mkono niache, anashika tumbo, machozi yanamtoka. Muda mrefu sijamwona hivyo.

Halafu kila mtu akala chake. Mimi mezani, yeye kwenye kochi. Maharage kwa maharage. Sikuyamaliza.

Jumanne, 14 Novemba

Wamekubali. Kuponi za chakula, fedha kidogo, na msaidizi asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Msaidizi ni Mkenya. Mama Njeri. Mnene, mikono imara, anatoka kwangu anakimbilia shifti nyingine. Anafunga mkanda mpana kiunoni mwangu kabla ya kuninyanyua.

“Sasa Mum, tunahesabu pamoja, halafu unanipea mikono. Usipigane na mimi.”

Nikamwambia nimepigana maisha yangu yote.

“Najua, wameniambia. Lakini hapa hakuna vita, Mum. Ni kitanda tu.”

Tunu alisimama mlangoni akimtazama mtu mwingine akininyanyua. Mikono yake ilining’inia kama ya mtu aliyesahau alichokijia chumbani. Kisha akaenda kulala. Amelala asubuhi nzima na mchana wote. Nilisogeza kiti mpaka mlangoni kwake nikasikiliza pumzi.

Hiki ndicho nilichoomba. Nimekipata. Ningekipata wiki tatu zilizopita kama ningejibu swali moja kwa unyenyekevu.

Redio inasema huko Washington wanabishana namna ya kuwanyima msaada wageni kama sisi. Nilichukua kalamu. Nikaiweka.

Jumapili, 26 Novemba

Sikukuu yao ya shukrani imepita. Mlelwa ametuma bata mzinga mzima. Naona ni njia yake ya kuomba radhi. Hawezi kuitamka, na mimi nisingeipokea angeitamka. Tunu akaniuliza akae rafu ipi. Nikasema tumgawe katikati. Nilitarajia kicheko. Alikwenda akaleta kisu akamgawa.

Tumezoea. Hilo ndilo linanitisha. Anakula akisikia njaa. Anakula amesimama dirishani, anatazama nje, anatafuna polepole. Haniulizi tena kama nimekula. Amenawiri. Shavu limerudi. Jana alifunga mlango wa chumba chake alipolala. Haujapata kufungwa tangu kaka afariki, ili nikiita asikie.

Sina haki ya kuumia. Naumia.

Miaka yote hii sikumwona Tunu akila. Nilimwona akipakua.

Jumatano, 6 Desemba

Theluji tangu Jumapili. Mama Njeri alimpeleka kwa daktari na gari lake.

Tunu hatanyanyua mtu tena. Siyo wiki sita. Maisha. Walivyomshona mara ya pili, nyama iliyobaki haitastahimili. Anoka basi. Atatafuta kazi ya kukaa. Aliniambia akiwa bado amevaa koti, akaongeza haraka: “Lakini wewe ni tofauti, wifi. Mama Njeri atanifundisha ule mkanda. Jumamosi na Jumapili tu, na usiku.”

Nimempigia Bi Lorraine. Je, kaunti italipa mtu wa usiku na wa mwisho wa wiki? Hapana. Hayo ni ya ndugu. Je, nikiingia nyumba ya kutunzia wagonjwa, watalipa? Ndiyo. Kitanda, muuguzi, chakula, joto, usiku na mchana. Kila kitu. Nikamuuliza kipi ghali. Akasema hicho cha pili, kwa mbali.

Niandike wazi. Watalipia niondoke kwangu. Hawatalipia, kwa bei ndogo zaidi, nibaki. Nimebishana na watu wajinga katika nchi mbili, na sijakutana na ujinga uliopigwa mhuri namna hii. Bi Lorraine akasema sheria ndivyo ilivyoandikwa. Sauti yake haikuwa nzuri.

Ningeweza kupigana. Rufaa ipo, magazeti yapo. Ningeshinda, pengine, wakati wa kiangazi. Katikati ya hapa na kiangazi kuna Jumamosi nyingi. Jumamosi moja Mama Fulani hatakuja, na nitalisikia jambo lile lile: Tunu anaweka kitu mezani na kuja. Na mimi nitanyamaza. Najijua. Nilishanyamaza.

Nimeomba waniletee karatasi za kuhamia. Nimesaini kabla sijamwambia. Nilipomwambia alipiga kelele, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Aliniita katili. Akasema watu watasema amenitupa. Akasema kaka angesemaje. Nikamwambia kaka hakuoa winchi.

Haikuwa sentensi nzuri. Alinipiga begani, kofi dogo, akabaki ameuweka mkono pale pale.

Jumapili, 17 Desemba

Chumba kina vitanda viwili. Cha pili ni cha bibi mmoja wa Kizungu anayelala karibu siku nzima. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Wanasukuma theluji pembeni, inaanguka mingine.

Hapa mashine ndiyo inayoninyanyua. Wananivisha kitambaa kama machela, wanabonyeza, napanda hewani, miguu inaning’inia, nashushwa kitini. Nachukia. Lakini hakuna tumbo la mtu ndani yake.

Tunu alikuja mchana baada ya kanisa. Ameanza mafunzo ya kupokea simu kwenye zahanati. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua buti, akaanza kunisimulia, akalala katikati ya sentensi. Mdomo wazi kidogo. Sikumwamsha. Muuguzi aliingia nikamfanyia ishara atembee taratibu.

Alipoamka alisema kitakachomzuia kulala usiku wa leo. Kanisani leo akina mama hawakumpa mkono. Mmoja alimuuliza mbele ya watu, sauti ya chini lakini ya kusikika, kama Waafrika nao siku hizi wanatupa mawifi zao kwenye nyumba za wazee. Mama Neema alikuwepo. Alitazama pembeni.

Hakuwajibu. Tunu hajui kujibu watu. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Amekwenda sasa. Nje kumekuwa kijivu. Nimeandika mistari michache ya kupeleka jarida la umoja, mifupi kuliko yote niliyowahi kupeleka, na Mlelwa asiponipa nafasi nitampigia simu kila siku mpaka anipe. Nainakili hapa.

Akina mama wa umoja. Mama Neema, Mama Upendo, na wewe uliyeuliza lile swali kanisani, unajijua. Niliondoka nyumbani kwa mguu wangu, yaani kwa saini yangu. Mkimkuta Tunu msimuulize chochote juu yangu. Mwenye swali aje huku aniulize mimi. Wageni wanaruhusiwa kila siku mchana, nami sina pa kwenda. Jumapili ijayo mpeni mkono, mmoja baada ya mwingine, mkianza na wewe. Na asipokuja kanisani, msimpigie simu. Mwacheni alale.